Kuvu Ndani ya Mti wa Mama Kiden

Ninyi mnaoingia maabara siku hizi, kabla hamjanionyesha sahani zenu nzuri, nionyesheni kwanza sahani ya maji ya mwisho. Nimestaafu na magoti yangu hayataki tena ngazi, lakini nikipita kusalimia pale nilipofanyia kazi Arua, bado ndilo swali langu la kwanza. Vijana huanza kutazamana. Najua maana ya kutazamana kule: sahani hiyo haipo.

Niwaeleze ambao hawajaishika kazi hii. Ndani ya kijiti chenye afya, cha mti usioonyesha dalili yoyote ya kuumwa, huishi kuvu. Hazina shida na mti, na mti hauna shida nazo, na baadhi yao hutengeneza kemikali ambazo sisi tulikuwa tunazitafuta. Ili kuzipata unaosha kijiti kwa spiriti, kisha klorini, kisha spiriti tena, halafu unakisuuza kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Ndipo unakikata na kukilaza juu ya supu ya viazi iliyogandishwa. Baada ya siku kadhaa nyuzi nyeupe huanza kuchungulia pale ulipokata. Sasa utajuaje kwamba zimetoka ndani, si vumbi la barabarani lililokuwa limekaa kwenye gome? Unachukua yale maji ya kusuuzia mara ya mwisho, unayamwaga kwenye sahani ya peke yake, na unangoja. Sahani hiyo ikibaki tupu, kazi yako ni safi. Ikiota kitu, unatupa zote, hata kama umezisafiria mpaka Kuluba na kurudi na matope hadi kiunoni.

Mimi nimetupa nyingi na nimenuna sana. Kuna mwenzangu mmoja ambaye hakupenda sahani hiyo, aliiona ni kupoteza supu. Akapata kuvu moja ya kijani, nzuri ajabu, ikaota kwenye kila mmea aliouleta, hata kwenye miwa. Alikuwa ameanza kufikiria kuipa jina la mama mkwe wake. Tulikuja kugundua kwamba ilitoka kwenye sweta lake, ambalo hakulifua tangu kiangazi kianze. Tulimcheka mpaka akahama chumba.

Aliyenifundisha ukali huu ni Daktari Candia, mkuu wetu wa maabara, mtu mrefu, mpole, anayesahau kula. Yeye alikuwa akitafuta kitu kinachozuia vimeng'enya. Kimeng'enya ni mfanyakazi mdogo wa mwilini. Tafuna muhogo mkavu bila kumeza, endelea kutafuna, na baada ya muda utausikia unakuwa mtamu. Hakuna aliyetia sukari, ni kimeng'enya cha mate yako kinachokatakata wanga. Kwa mgonjwa wa sukari, kazi hiyo ikipunguzwa kasi, sukari haipandi ghafla baada ya chakula. Dawa za namna hiyo zipo duniani. Daktari alitaka kujua kama kuvu za miti yetu zinaweza kutupa nyingine.

Ndivyo tulivyofika kwa Mama Kiden, kijijini Lobule.

Mama Kiden alikuwa mganga wa miti shamba, wa umri wangu, mwenye maneno machache. Jina la mti wake sitaliandika, aliniomba nisiandike, na mtaona sababu. Aliutumia kwa matumbo ya watoto tu. Alituruhusu kukata vijiti kwa sharti moja, ambalo alimpa kila mtu aliyeingia boma lake na panga: anayekata lazima arudi aseme alichokikata kimefanya nini. Wengi waliahidi na hawakuonekana tena. Daktari Candia aliahidi na alikuwa mtu wa kutimiza, na huko kutimiza ndiko kulikotuletea balaa.

Kuvu moja ya mti ule ilifanya kazi vizuri kuliko zote tulizokuwa nazo. Daktari hakutaka kwenda Lobule na makaratasi. Akasema watu hawa wametupa mti wao, tuwaonyeshe kwa vitu vya jikoni kwao. Akaomba uji mwepesi wa muhogo, akaomba na mate ya mwenye boma, Mzee Wani, mume wa Mama Kiden. Mzee Wani alikuwa fundi wa baiskeli, watu waliziburuta baiskeli zao kutoka mbali kumfuata yeye. Tena alikuwa mgonjwa wa sukari, anakunywa tembe za hospitali ya Koboko. Akatema mate kwenye vichupa viwili, majirani wakacheka.

Nadhani mnalijua jaribio hilo. Tone la iodini kwenye wanga huleta bluu nzito. Wanga ukishaliwa na mate, bluu haiji. Kichupa cha kwanza kilikuwa na uji na mate tu, na baada ya kungoja, iodini ilibaki na rangi yake ya kahawia. Cha pili tulitia pia maji ya kuvu yetu. Kikageuka bluu kama sare ya shule. Watu wakasimama kutazama. Daktari, kwa furaha, akawaambia kwamba kitu kilichotoka kwenye mti wao kimezuia sukari isitengenezwe. Baada ya hapo alieleza mengine yote, kwamba ni kuvu si mti, kwamba ni chupa si mwili, kwamba kazi bado ni ya miaka. Alieleza vizuri na kwa utulivu. Hakuna aliyekuwa akisikiliza, maana kichupa kilikuwa kinapita mkono kwa mkono.

Tulirudi Arua tukiwa tumeshiba kuku.

Mvua zilikuwa zimeanza Mama Kiden aliponipigia simu. Yeye hakuwa mtu wa simu, kwa hiyo nilijua kuna jambo kabla hajasalimu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaongea amejificha.

"Dada, Mzee ameacha tembe ya hospitali," akasema. "Anasema dokta alionyesha dawa, dawa iko kwetu nyumbani. Mimi naongea, yeye hapana sikia. Wewe kuja."

Nilimuuliza anaendeleaje. Akasema anakunywa maji kama ng'ombe, na mguu una kidonda ambacho anakificha kwenye soksi. Daktari Candia alikuwa Kampala kwenye mkutano. Nilipomweleza kwa simu akaniambia nitangulie, yeye anapanda basi. Pikapu ya maabara ilikuwa gereji, imefunguliwa injini. Nikatia kwenye kikapu iodini, vichupa na mirija ya kudondoshea, nikapata lori la saruji lililokuwa likielekea Oraba. Dereva alinisimulia njia nzima habari za mawakala wa mpakani wanaomchelewesha. Nilikuwa naitikia tu. Nilishuka Koboko, nikachukua bodaboda mpaka Lobule.

Niliuona mti kwanza. Ulikuwa umechunwa gome kuzunguka shina lote, kuanzia chini mpaka mahali mkono wa mtu mrefu unapofika. Na uani palikuwa na watu wamekaa na vyupa vya soda vitupu, wanangoja zamu. Mzee Wani mwenyewe ndiye aliyekuwa akigawa, kutoka kwenye chungu kikubwa. Hakuwa akiuza, aligawa bure, kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mtu anayeuza unaweza kumgombeza.

Alikuwa amekonda mpaka mkanda wa suruali umezunguka mara mbili. Aliponisalimu niliona ulimi wake umekauka. Nilipokwenda msalani nikaona nyuma ya bafu sisimizi wamejipanga mpaka pale anapokojolea, wakifuata sukari. Ninyi mna mashine za kupima, lakini sisimizi hawajawahi kunidanganya. Nikarudi uani.

Huko watu humwita kila mwenye koti jeupe nesi. Mimi sijamchoma mtu sindano hata siku moja, ila kwa Mzee Wani nilikuwa nesi, na siku ile sikumsahihisha. Nilimwambia twende hospitali sasa hivi. Nikamweleza kwamba tulichotia kwenye kichupa hakikuwa chai ya gome lake, kilikuwa maji ya kuvu tuliyoiotesha Arua. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akaweka kata chini.

"Nesi, mimi niliona na macho yangu. Mate ilikuwa yangu. Muhogo ilikuwa yetu. Hii miti iko yetu," akasema. "Sasa mimi iamini macho ama iamini mudomo?"

Huyu ni mtu aliyekaa miaka akishika mnyororo na gurudumu, hakuwahi kumwamini mteja anayemwambia tatizo liko wapi mpaka alione mwenyewe. Maneno yangu yangefanya nini? Nikasema basi, tufanye tena, hapa hapa, kwa dawa yako unayoigawa kutoka chungu hiki. Bluu isipokuja, unapanda bodaboda twende Koboko. Akauliza, na ikija? Nikasema tutaona.

Vijana, msiahidi hivyo kamwe. Nilikuwa na uhakika bluu haitakuja, kwa sababu nilijua kemikali yetu ilitoka kwenye kuvu, na uhakika huo haukuwa na sahani ya maji ya mwisho.

Uji ukaletwa. Nikamwomba Mzee mate. Akajaribu, akajaribu tena, mdomo wake ukawa unafanya kazi bila kutoa kitu. Fundi ambaye miezi michache kabla alitema mate majirani wakicheka hakuwa na hata tone. Mama Kiden akasogea, akachukua vichupa mkononi mwangu, akatema yeye, akavirudisha. Kimoja nikatia maji ya kawaida, kingine nikatia dawa ya chungu. Tukangoja. Wale wenye vyupa vya soda walikuwa wamesimama mgongoni mwangu, nawasikia wanavyopumua.

Nikadondosha iodini. Kichupa cha maji kilibaki kahawia, vizuri kabisa. Kichupa cha dawa kilikunywa tone la kwanza, la pili, kisha bluu ikaja. Ilikuwa bluu chafu, lakini bluu.

Mzee Wani hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya ndugu yake. Mama mmoja nyuma yangu akasema kumbe hawa wa maabara walitaka kutunyang'anya dawa. Mama Kiden alikuwa ananitazama mimi tu, na macho yake yaliniuliza kama nimekuja kumuua mumewe.

Niliogopa. Naliandika hivyo hivyo, niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Nilionja dawa ile kwenye ncha ya kidole, kwa kutojua la kufanya. Ikanikaza ulimi, kama umeuma ndizi mbichi. Na huko kukaza ndiko kulikonirudisha kwenye akili zangu.

Mwaka wangu wa kwanza na Daktari Candia nilipata gome lililozuia kimeng'enya kwa nguvu, nikamkimbilia ofisini. Alichukua kikombe chake cha chai, akatia matone kwenye kichupa kingine, tukangoja, na chai ikazuia vilevile. Kile kinachokaza ulimi, kwenye gome na kwenye majani ya chai, hukamata kimeng'enya chochote kinachokutana nacho, vyema kwa vibaya, na hata iodini huila kidogo. Ndiyo maana kila tulichokipata baadaye tulikisafisha kwanza ukakasi huo ndipo tukapima. Lililokuwa chunguni kwa Mzee Wani lilikuwa gome tupu lililochemshwa mpaka likawa jeusi.

Kando ya mkeka palikuwa na chupa ya chai waliyonitengea mimi mgeni. Chai ya rangi, bila sukari, maana nyumba ile ilikuwa imeacha sukari. Nikamwambia Mzee kwamba bado kichupa kimoja. Mama Kiden akatema tena mate. Nikatia uji, nikatia chai.

Kungoja kule siwezi kuwaeleza. Chai hutofautiana, kuna iliyokaa na kuna nyepesi, na hii sikujua imepikwa vipi. Ikikataa, nimemzika mtu kwa mkono wangu, na wale wote wenye vyupa nyuma yake. Nikawa nahesabu pumzi za Mzee Wani, zilikuwa za haraka na zenye harufu ya matunda yaliyooza. Nikadondosha iodini, tone la kwanza likapotea. La pili likakaa. Bluu ikafunguka taratibu, chafu vilevile, ndugu wa baba mmoja na ile ya chungu.

Nikavishika vichupa viwili pamoja mbele ya uso wake.

"Mzee, hii moja iko dawa yako. Hii iko chai," nikamwambia. "Chai wewe nakunywa toka lini?"

Alivitazama kwa jicho lile la fundi, akivizungusha juani. "Toka mutoto," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ile sukari ilikamata wewe namna gani?"

Aliketi juu ya kigoda, akavirudia vichupa, kimoja baada ya kingine. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama dokta aliwadanganya. Nikamwambia hapana, dokta alisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya ndani ya chupa, na tumbo lake si chupa. Akainamisha kichwa. Bado hakusimama. Niliona kwamba ameelewa na bado hawezi kusimama, kwa sababu ya wale watu aliowagawia.

Ndipo Mama Kiden alipofanya jambo ambalo mimi nisingeliweza. Sifa yake yote pale Lobule ilikuwa kwenye mti ule. Alikibeba chungu kwa mikono yake, akapita nacho katikati ya watu, akamwaga chote kwenye majani ya uzio. Kisha akageuka.

"Mimi natibu tumbo ya watoto," akasema. "Hii ya sukari mimi hapana jua. Kila mutu mwenye tembe yake, arudie tembe yake."

Baadhi waliondoka wakinung'unika, na najua kuna waliomwita msaliti kwa muda mrefu. Mmoja aliondoka na chupa aliyoijaza mapema, hatukuweza kumpokonya. Mzee Wani alipandishwa bodaboda kati ya dereva na Mama Kiden, mguu mbovu umefungwa kwa leso yangu, wakaenda Koboko. Mimi nilikaa uani peke yangu na vichupa, nikalia.

Alikaa wodini muda mrefu, akachomwa sindano, akapoteza vidole viwili vya mguu. Daktari Candia alifika kesho yake moja kwa moja kutoka kwenye basi, akakaa kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu msomi akiongea polepole kiasi cha kusikilizwa. Mti ulikufa. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote hauponi, hakuna dawa ya hilo. Kuvu yake tulibaki nayo kwenye sahani, lakini kuvu hizi zikihamishwa sahani hadi sahani, bila mti wake, huanza kusahau kazi. Kila tulipoipima, nguvu ilikuwa imepungua. Tungerudi kukata kijiti kipya, na hapakuwa na pa kukata. Siku hizi mnaweza kusoma vinasaba vya kuvu na kuwasha upya kilichozimika, mnaniambia. Nasikia vizuri. Fanyeni haraka, ila msifanye haraka kusema.

Maana Mzee Wani hunipigia simu mpaka leo. Hupiga asubuhi, kabla hajaenda kwenye baiskeli zake. Hataki habari ndefu, na salamu zake ni fupi. Huuliza neno moja tu kuhusu dawa ya kuvu ile.

"Bado?"

"Bado, Mzee."

Hakati simu. Nangoja naye, namsikia anafungua pakiti ya tembe, anamimina maji kwenye kikombe, anameza.